Kuona na Kuoneshwa: Tafakuri ya Mwanafunzi wa Sanaa kutoka Morogoro katika Kumbi za Maonesho ya Sanaa ya Kisasa

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna mtazamaji aliyekulia katika mazingira ya Uluguru anavyoweza kuisoma kazi ya sanaa ya kisasa iliyowekwa katika ukumbi wa maonesho, na sababu zinazofanya ukumbi huo umwache njiani mara nyingi. Hoja inayojengwa ni kwamba, katika jamii za mashariki ya Tanzania, kitu cha sanaa chenye uzito hakikuwa kitu cha kuonwa tu. Kilikuwa kitu cha kuoneshwa. Palikuwa na mtu mwenye mamlaka ya kukitoa mahali kilipofichwa, kukieleza kwa maneno na wimbo, na kukirudisha. Ukumbi wa kisasa umekitoa kitu mafichoni na kukiweka wazi kwa kila mtu, lakini umemwondoa mwoneshaji. Nafasi yake imechukuliwa na kibandiko kidogo ukutani, ambacho kwa sehemu kubwa huandikwa kwa lugha ambayo watazamaji wengi wa hapa nchini hawaitumii katika kufikiri.

Suala hili si la nadharia pekee. Mtahiniwa anayeandika tasnifu ya sanaa kwa Kiswahili hulazimika kuonesha ushahidi wa kile alichokiona. Kama alichokiona kilielezwa kwa Kiingereza, na istilahi za kukihakiki nazo ni za Kiingereza, basi kazi yake inaweza kuishia kuwa tafsiri ya macho ya wengine. Nimepitia hali hiyo katika daftari zangu za miaka ya mwanzo ya masomo, ambamo maelezo ya kazi nyingi ni vibandiko vilivyonakiliwa neno kwa neno.

Tafakuri hii inatokana na ziara nilizofanya katika kumbi za Dar es Salaam, ambako maonesho mengi ya sanaa ya kisasa nchini hufanyika. Miongoni mwa kumbi hizo ni Nafasi Art Space, kituo kilichoanzishwa mwaka 2008 na ambacho karakana zake nyingi zimo ndani ya makontena ya kusafirishia mizigo, pamoja na Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940 kwa jina la mfalme wa Uingereza, George wa Tano. Kwa mwanafunzi wa Morogoro safari ni ya takribani kilomita 190. Kwa basi, kwenda na kurudi kulimaliza siku na nguvu zote. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya miji hii miwili mnamo Juni 2024, mtu anaweza kusimama mbele ya kazi moja kwa saa nzima bila kuhesabu dakika za kuwahi stendi. Na inafaa kutaja, japo kwa kupita, kwamba mahali panapojulikana zaidi kwa uuzaji wa picha za kuchora jijini Dar es Salaam, kule Oysterbay, huitwa Morogoro Stores. Jina limetangulia mji katika jambo hili.

2.0 Maneno ya kutazamia

Mtafiti hukutana na ugumu wa kwanza kabla hajaingia ukumbini. Katika Kiswahili cha vyuo na cha Baraza la Sanaa la Taifa, sanaa za maonesho ni ngoma, tamthiliya, sarakasi na mengineyo yanayotendwa mbele ya hadhira. Uchoraji na uchongaji huwekwa katika fungu la sanaa za ufundi. Kwa hiyo maonesho ya sanaa na sanaa za maonesho ni vitu viwili tofauti. Mwanafunzi anayesema kuwa tasnifu yake inahusu maonesho hudhaniwa kuwa anaandika juu ya jukwaa, na mimi nimeulizwa zaidi ya mara moja nitacheza nafasi gani.

Hata hivyo, utata huu unafundisha kuliko unavyosumbua. Lugha yenyewe inakumbuka kwamba kuonesha ni tendo: lina mtendaji, lina mahali, lina mwanzo na mwisho. Picha iliyotundikwa ukutani miezi miwili haioneshi chochote kwa maana hiyo. Ipo tu, mpaka atokee mtu wa kuionesha.

Kuna aina ya kazi za kisasa ambayo haichorwi wala haichongwi. Msanii hupanga vitu ndani ya chumba (ndoo, nyavu, magunia, redio, mchanga) na mtazamaji huingia ndani yake. Wapo wanaoiita usakinishaji, neno ambalo kwa wengi limekwishazoeana na programu za kompyuta. Mimi natumia usimikaji. Kitenzi kusimika hutumika kwa nguzo na vilevile kwa mtu anayekabidhiwa madaraka: nguzo husimikwa na chifu husimikwa. Katika matumizi yote mawili kitu au mtu huyohuyo, kwa kuwekwa mahali maalumu mbele ya mashahidi, hupata hadhi ambayo hakuwa nayo. Hicho hasa ndicho msanii anachokitaka anapoiweka ndoo ya plastiki katikati ya sakafu nyeupe.

Neno la mtu anayechagua kazi na kuzipanga bado halijatulia. Makumbusho yana mhifadhi, lakini mhifadhi ni mtunzaji kwanza. Wasanii wa Dar es Salaam husema kyureta. Sina ugomvi na neno hilo la kukopa, ila linaficha swali ambalo sehemu inayofuata inalileta mbele: je, huyu ni mpangaji wa vitu, au ni mwoneshaji?

3.0 Mwana hiti na mwenye kumwonesha

Jamii ambazo Beidelman (1967) anaziweka pamoja kuwa watu wa ukoo wa kikeni wa mashariki ya Tanzania, yaani Waluguru, Wazaramo, Wakwere, Wakutu, Wakami na majirani zao, huhesabu nasaba kwa upande wa mama. Sanaa yao inayofahamika zaidi nje ya nchi ni mwana hiti, umbo dogo la mti ambalo Felix (1990) alilifanya jina la kitabu chake juu ya maisha na sanaa ya jamii hizi. Kiwiliwili chake ni mche wa mviringo usio na mikono wala miguu. Matiti na kitovu huchongwa kwa ufupi sana, na kichwani mna mafungu ya nywele, mara nyingi mawili, kama vishungi. Mtu aliyezoea picha za wasanii wa Ulaya wa mwanzoni mwa karne ya 20 huona hapo ufupisho wa umbo na kusifu.

Sifa hiyo si ya uongo, lakini haifiki. Swantz (1970), aliyeishi miongoni mwa Wazaramo, anaonesha kuwa umbo hili lilikuwa sehemu ya kipindi cha mwali kukaa ndani: alikabidhiwa alitunze kama mtoto, alipake mafuta, alishughulikie nywele zake, huku wakubwa wakimfunda. Ufupi wa umbo una kazi. Mikono haipo kwa sababu mikono ni ya mwali mwenyewe. Yeye ndiye anayebeba na kupaka. Umbo likiwekwa ndani ya kioo, kilichoondolewa si muktadha tu kama tunavyopenda kuandika katika tasnifu. Kilichoondolewa ni nusu ya umbo lenyewe.

Ushahidi mwingine ni wa Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa elimu-jamii wa serikali ya Tanganyika. Kitabu chake cha mwaka 1956 kinahusu vinyago vya udongo vilivyotumika katika mafunzo ya unyago na jando. Cory hakutosheka na kupiga picha na kupima urefu. Karibu kila kinyago alikiandika pamoja na wimbo wake na fundisho lake. Ukisoma picha bila wimbo, unaona nyoka, kiti, nyumba. Wimbo ndio unaosema kwamba nyoka huyu si nyoka. Kwa maoni yangu kitabu hicho, pamoja na hewa yake ya kikoloni, ni mojawapo ya katalogi bora za maonesho zilizowahi kuandikwa kuhusu nchi hii, kwa sababu kinakubali kuwa kitu na maneno yake ni kazi moja.

Hapa panahitajika tahadhari. Ni rahisi mno kwa mtafiti wa kizazi changu kumgeuza kungwi kuwa shujaa na ukumbi mweupe kuwa adui. Kungwi hakuwa mhakiki. Mwali hakuwa na nafasi ya kubisha wala ya kusema kwamba ameona jambo jingine katika kinyago kile. Maana ilikuwa moja, na kuijua vibaya kulikuwa na gharama. Pels (1999), katika utafiti wake juu ya wamisionari na Waluguru, anaonesha pia kwamba mafunzo haya yalikuwa uwanja wa mvutano wa madaraka, kila upande ukitaka kuwa ndio unaomwambia msichana mwili wake una maana gani. Kuoneshwa ni neema, na ni amri vilevile. Ukumbi wa kisasa humpa mtazamaji uhuru ambao mwali hakuupata. Tatizo ni kwamba humpa uhuru huo bila kumpa cha kuanzia.

4.0 Kiti

Wakati mwingine cha kuanzia mtazamaji tayari anacho, ila hajaambiwa kuwa kinatosha. Mfano ninaoutumia darasani ni kazi ya Joseph Kosuth, msanii wa Marekani, ya mwaka 1965, ambayo jina lake tunaweza kulitafsiri kuwa Kiti Kimoja na Vitatu. Nimeisoma katika vitabu tu. Ina kiti cha kawaida cha mti, picha ya kiti hichohicho iliyopigwa mahali kinapooneshwa, na maana ya neno kiti iliyokuzwa kutoka kamusi. Kwa mujibu wa maelekezo ya kazi yenyewe, kiti na picha vinaweza kubadilika kila ukumbi. Kinachobaki ni maelekezo.

Mwanafunzi akiambiwa hii ni sanaa, kwanza hucheka. Kisha huuliza kazi ya msanii iko wapi, kwani kiti hakukitengeneza yeye. Baada ya hapo somo hukwama, na mwalimu hukimbilia historia ya Ulaya, kuanzia kwa Duchamp na chombo chake cha kukojolea cha mwaka 1917. Naona njia hiyo ni ndefu bila sababu. Mwanafunzi wa Morogoro amepita mara nyingi katika soko kuu la mji lenye jina la Chifu Kingalu. Anajua kwamba Kingalu si mtu mmoja. Ni jina la enzi linalorithiwa. Aliyelibeba jana amekwenda, wa leo analibeba, na wa kesho atalibeba. Mwili hubadilika, jina hubaki, na kinachounganisha mwili na jina ni tendo la kusimikwa. Akiulizwa Kingalu wa kweli ni yupi, hataona ugumu wa kujibu kwamba ni wote, na ni yule aliyeko. Hilo ndilo jibu la Kosuth kuhusu kiti.

Mlinganisho huu una mipaka. Kosuth alikuwa anauliza swali juu ya lugha na sanaa. Enzi ya Kingalu si swali kwa mtu yeyote, ni mamlaka. Lakini katika vile viti vya enzi vyenye egemeo refu vya mashariki ya Tanzania, ambavyo baadhi vimechongwa umbo la mwana hiti kwenye egemeo, kitu cha kukalia, sura ya mwanadamu na jina la cheo vimekutana katika kipande kimoja cha mti. Mtu anayetoka katika utamaduni uliofikiri hivyo hapaswi kuingia ukumbini kama mgeni wa sanaa ya dhana. Ufundishaji wetu ndio unaomgeuza mgeni.

5.0 Mlinzi na muuzaji

Katika ukumbi mmoja jijini nilikuta usimikaji wa nyavu za uvuvi zilizoning'inizwa kutoka darini, ndani yake zikiwa na chupa na viatu vya plastiki vilivyookotwa pwani. Kibandiko kilikuwa cha Kiingereza, aya tatu, na msamiati wake ulinilazimu kusoma mara mbili. Waliingia wanafunzi wa shule ya msingi pamoja na mwalimu wao. Mwalimu alikisoma kibandiko kimoyomoyo, akanyamaza. Aliyeanza kusema ni mlinzi. Alikuwa amekaa na kazi ile kwa wiki kadhaa na alimsikia msanii akiwaeleza wageni siku ya ufunguzi. Aliwaambia watoto wasimame chini ya wavu, watazame juu, wahesabu viatu, kisha akawauliza viatu vile vilikuwa vya nani. Watoto walijibu kwa fujo. Mmoja alisema ni vya waliozama.

Sikukuta jibu hilo katika kibandiko, na sidhani kama msanii alilikusudia. Lakini lilikuwa jibu la kazi ile. Nimeeleza tukio hili kwa kirefu kwa sababu mlinzi alifanya mambo mawili ambayo nadharia huyatenganisha. Alionesha, kama kungwi: aliwapanga watazamaji, akaelekeza macho, akatumia maneno yake. Papo hapo aliacha swali wazi, jambo ambalo kungwi hangelifanya. Katika orodha ya walioandaa maonesho yale, mlinzi hakutajwa.

Mwoneshaji wa aina nyingine ni muuzaji. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na picha zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, na wanafunzi wake waliendeleza mtindo huo, hatimaye wakiunda chama cha ushirika mwaka 1990. Pale hakuna kibandiko. Kila picha ina mtu anayeieleza kwa maneno, kwa bei, kwa hadithi ya chui au ya shetani, na hadithi hubadilika kulingana na mnunuzi. Watafiti wengi huliona jambo hili kuwa udhaifu wa sanaa ya watalii. Mimi naona lipo la kujifunza na lipo la kuogopa. La kujifunza ni kwamba picha haikuachwa peke yake. La kuogopa ni kwamba mwoneshaji ana haja ya kumpendeza mtazamaji, na mtazamaji asiyenunua, mathalani mwanafunzi mwenye daftari, haelezwi kwa bidii ileile.

6.0 Faragha

Tumekuwa tukidhani kwamba kueleza zaidi ni bora zaidi. Uluguru inapinga dhana hiyo. Kuna mambo yaliyooneshwa kwa sababu tu kwamba hayakuoneshwa kwa wote.

Msanii aliyelifikia suala hili kwa undani, kwa kadiri ya uelewa wangu, ni Everlyn Nicodemus, aliyezaliwa Marangu mwaka 1954. Alisomea elimu ya mila na jamii nchini Sweden, kisha akaiacha nafasi ya mtafiti anayewatazama wengine na kuchukua brashi. Maonesho yake ya kwanza yalifanyika katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1980. Katikati ya miaka ya 1980 aliendesha mradi juu ya mwanamke duniani, katika mji wa Skive nchini Denmark, Dar es Salaam na Kolkata: alikutana na wanawake wa kila mahali katika mazungumzo ya faragha, akasikiliza, kisha akachora. Mazungumzo hayakuwekwa ukumbini. Michoro ndiyo iliyowekwa. Mtazamaji anajua kwamba kuna jambo lilisemwa na kwamba hakuwepo, na kazi inabaki na nguvu kwa sababu ya ujuzi huo. Hapa uwazi wa ukumbi na usiri wa unyago vimekaa pamoja bila kimoja kukimeza kingine. Edinburgh ilimfanyia maonesho makubwa ya kazi za maisha yake mwaka 2024.

Vitu vya zamani vya maeneo yetu havikupata uangalifu huo. Mwaka 1994 kazi bora za uchongaji wa Tanzania zilioneshwa Berlin na Munich, na katalogi yake ilipewa pia jina la Kiswahili, Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika. Mwaka 2013 maonesho mengine yalifunguliwa New York kwa jina la Shangaa. Nafurahia majina hayo mawili. Ni vigumu, hata hivyo, kutoona kwamba Kiswahili kiliitwa kutoa kichwa cha habari katika miji ambayo wenye lugha hawakuwa wengi, wakati katika kumbi za hapa nyumbani vibandiko vimeendelea kuandikwa kwa lugha nyingine.

Nilipochukua picha za katalogi hadi upande wa Matombo, eneo ambalo jina lake kwa Kiluguru ni matiti, kutokana na miamba yake miwili, nilitarajia mazungumzo juu ya uzuri wa umbo. Mabibi wawili walioziangalia hawakuzungumzia uzuri. Walitaka kujua mwana hiti yule ni wa ukoo gani, na ni nani aliyekubali atolewe nje. Nilitafuta chini ya picha. Paliandikwa mti, urefu kwa sentimita, jina la kabila likifuatiwa na alama ya kuuliza, na kwamba mmiliki ni mtu binafsi.

Tangu siku hiyo fomu ninayotumia kuandikia ziara zangu ukumbini ina mistari miwili iliyoongezwa juu ya ile ya jina la msanii, malighafi na vipimo. Mmoja ni wa nani aliyenionesha. Wa pili ni wa nani aliyeruhusu kioneshwe. Kwa kazi za wasanii walio hai mstari wa pili hujazwa upesi. Kwa mwana hiti na viti vya enzi nilivyovikuta katika katalogi, hadi sasa, kila fomu niliyoijaza mstari huo uko wazi.